Sipiyu Iliyokuwa Ikipona Dukani

Wanangu, mimi nimestaafu. Nasema tena kwa sababu naona hamsikii. Duka la Singida mjini nilishalifunga, bisibisi zangu zimelala sandukuni, na mimi niko hapa Issuna na kuku wangu na shamba langu la alizeti. Lakini haipiti wiki bila kijana kuingia uani na laptop kwapani. Anaanza na shikamoo ndefu utadhani kaja kuposa. Anauliza habari za kuku, habari za mvua, habari za mgongo wangu, halafu ndiyo anatoa yaliyomleta: "Mama Fundi, nikicheza gemu liko poa. Ila nikirekodi tu, linakwama."

Kumbe mgongo wangu ulikuwa unasindikiza shida! Haya, leo nasema yote mara moja, ili siku mkija mje kunisalimia kweli.

Nikisikia neno "linakwama," swali langu la kwanza ni hili: linakwama lipi, gemu au video? Wengi wananikodolea macho. Jamani, hayo ni magonjwa mawili. Kama gemu lenyewe linakwama pale unapoanza kurekodi, mashine yako imezidiwa kazi. Kama gemu linateleza vizuri, ila ukija kuifungua video ndiyo unaikuta inarukaruka, basi mashine inacheza sawasawa lakini haiwahi kuandika. Mtu akienda hospitali akasema "naumwa" akanyamaza, daktari atamtibu nini? Jaribuni kusema panapouma.

Kuna kijana alitoka Ulemo, mcheshi, nywele zimechongwa vizuri. Alikuwa anarekodi fremu mia na ishirini kwa sekunde. Kwa msiojua, video ni picha nyingi zinazopita haraka, na kila picha ni fremu moja. Nikatazama kioo cha laptop yake, kinaonyesha sitini tu.

"Hizo sitini nyingine unamrekodia nani?" nikamuuliza.

"Watazamaji wangu, mama."

"Watazamaji wako wanakutazama kwenye simu, wamelala chali, bando linakaribia kuisha. Wataziona saa ngapi?"

Akacheka. Lakini kicheko kilikwisha nilipoona anakoiandikia hiyo video. Ameiandikia kwenye flashi, ile ndogo ya kubebea nyimbo, eti diski isijae. Weee! Umewahi kuona mtu anamimina gunia la alizeti kwenye mdomo wa chupa ya soda? Nikamshusha hadi sitini, nikaliwekea gemu lenyewe kikomo lisivuke hapo ili kadi ya picha ibaki na nguvu kidogo, na kazi ya kuibana video nikaitoa kwa prosesa, ule ubongo wa mashine, nikaipeleka kwenye hiyo hiyo kadi ya picha, maana imeumbiwa hiyo kazi. Kisha nikamwambia atafute SSD ya pembeni, ile diski ya nje yenye kasi, gemu likae kwake na video ikae kwake. Alirudi baadaye na kuku jike. Yule kuku bado yupo, ndiye mkorofi kuliko wote hapa nyumbani.

Mwingine ni kinyozi wa hapa hapa Issuna. Yeye alikuwa anarekodi mechi anazocheza na wateja wake, na kila akikaribia kufunga goli video inakata. Akaamini kabisa kwamba mpinzani wake, muuza nyama, anatumia dawa. Walifikia kutosalimiana! Nikaenda kukaa kwake, nikanyoa nywele ambazo hata hazikuhitaji kunyolewa, nikasikiliza. Nyuma ya ukuta kuna mashine ya kukamua alizeti. Ikiwashwa, umeme unashuka, taa zinafifia, na laptop inarukia kwenye betri na kujiweka kwenye hali ya kubana matumizi. Hapo fremu lazima zianguke. Nikamwekea kifaa cha kutuliza umeme, nikabadilisha na ile hali ya betri. Muuza nyama akaombwa radhi. Akakubali, lakini mpaka leo akimfunga kinyozi anasema, "Dawa imefanya kazi."

Mnaona nilichofanya? Nilikwenda kukaa. Hilo sikulibuni mimi. Alinifundisha Mzee Salumu, aliyenipokea kazini enzi za deki na kanda, nikiwa bado naitwa Tatu, msichana ambaye kila mteja alimpita ili amtafute "fundi mwenyewe." Mzee Salumu hakuwa na maneno mengi. Alinifundisha kufuta vichwa vya deki kwa spiriti na kitambaa laini, na ukikandamiza sana anakupiga kofi mkononi. Sasa kulikuwa na deki moja iliyokuwa ikiletwa kila mara. Naisafisha, inaonyesha picha safi, inaondoka, inarudi. Nikaanza kuifungua tena, akanishika bega.

"Tatu," akasema, "kitu kikipona dukani na kuugua nyumbani, usikitengeneze tena. Nenda kamtazame anayeishi nacho."

Tukaenda. Tukaikuta deki inawekwa dirishani, na upepo wa Singida mnaujua wenyewe, unabeba mchanga utafikiri umelipwa. Mzee Salumu akaisogeza hadi kwenye kona, akanywa chai, tukarudi. Hakugusa hata bisibisi.

Maneno hayo nilikuja kuyasahau. Yalinirudia kwa ajili ya Nuru.

Nuru ni binti wa Manyoni aliyeolewa Ihanja na kijana anaitwa Elibariki, dereva wa lori la alizeti. Kwa kuwa Elibariki ni kitinda mimba, wanaishi na mama yake, Bibi Eliwaza. Nuru anacheza gemu la mpira, na si kucheza tu, anatangaza mechi yake mwenyewe huku anacheza. Akitangaza, hata mimi nisiyejua kuotea ni nini natamani kusimama. Watu fulani wa Dar wanaoandaa mashindano ya gemu walimsikia, wakamwambia atume mechi nzima, fremu sitini, isikwame hata mahali pamoja, kabla Ijumaa haijaisha. Wakiridhika, watampa kazi ya kutangaza mashindano yao akiwa nyumbani kwake.

Na upande wa pili, Elibariki alishamwambia, kwa upole lakini amemwambia, kwamba hili likishindikana kompyuta itauzwa. Haoni sababu ya mashine kubwa namna ile kukaa sebuleni bila kuingiza chochote. Nuru alinisimulia hayo dukani huku anatazama sakafu. Yule binti alikuwa ameshikilia uzi mmoja tu, na uzi wenyewe ulikuwa unakwama.

Nikaiwasha sipiyu yake, lile boksi lenyewe la kompyuta, pale kaunta. Akacheza mechi nzima, akarekodi. Video ikatoka laini kama mafuta. Nikapunguza hiki, nikaongeza kile, ili mradi nionekane nimefanya kazi, nikampa. Kesho yake asubuhi simu: "Mama Fundi, imerudia. Dakika za mwanzo safi, halafu inaanza kukwama, na feni linapiga kelele kama mashine ya kusaga."

Hapa sikilizeni vizuri. Kitu kikianza vizuri na kuharibika kadiri muda unavyokwenda, fikirieni joto kwanza. Prosesa ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na ikijipunguza, kurekodi ndiko kunakoumia kwanza. Kwa hiyo aliporudi niliifungua yote. Nikapuliza vumbi, nikafuta pesti ya zamani ya kupitishia joto, iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya. Mechi nzima tena, sipiyu imetulia, ukiigusa vuguvugu tu. Nikajipongeza. Akaifunga kwenye bodaboda, akaenda zake.

Kesho yake simu tena. Imerudia!

Nilipandwa na hasira, jamani, sifichi. "Nuru, nyumbani unaifanyia nini hiyo mashine?"

"Naiwasha tu, mama," akasema.

Nikaitazama ile simu baada ya kuikata, nikamkumbuka Mzee Salumu na mkono wake begani. Nikampigia tena. "Alhamisi nakuja Ihanja. Mwambie mama mkwe wako nakuja kusalimia."

Basi Alhamisi nikafika, na nyumba ilikuwa imejiandaa. Uwanja umefagiwa na kunyunyiziwa maji. Kwenye kamba uani vimeanikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyekundu, vya njano, vinapepea mpaka raha. Bibi Eliwaza akatoka na kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe fundi? Karibu sana, mashine yetu imetuhangaisha."

Tukaingia sebuleni. Sipiyu iko chini, kando ya meza. Nikamwambia Nuru acheze na kurekodi, nami nikavuta kiti. Akacheza. Nikaweka mkono nyuma ya sipiyu, upepo unatoka vizuri. Mechi ikaisha, tukaifungua video, hakuna kasoro hata ya dawa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema Bibi Eliwaza, akapiga makofi. Nuru akacheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Malaria ya mtu inaweza kupoa kwa kuona mgeni, lakini mashine haijui mgeni. Nikamwambia Nuru, "Anza mechi nyingine. Na hiyo ndiyo tutume, kama itatoka."

Kuku alikuwa ameshachinjwa, nikaitwa kunawa. Nikakaa na ugali wangu mahali ninapoiona sipiyu. Upepo wa mchana ukaanza, vumbi likainuka barabarani, na Bibi Eliwaza akakimbilia kamba kuanua vitambaa vyake. Akarudi navyo vimejaa mikononi, akaanza kuvirudisha mahali pake. Viti vikavaa. Redio ikavaa. Televisheni ikavaa. Kisha akainama, akafungua kimoja kikubwa kuliko vyote, cheupe chenye maua mekundu, akaivalisha sipiyu.

Wanangu, ile sipiyu ilivikwa kama bibi harusi! Uzi maradufu, umeshikana hata maji hayapiti. Mbele kimefika chini, nyuma kimefika chini, na utepe umefungwa kwa fundo zuri ili upepo usikiinue. Bibi akarudi nyuma hatua, akaitazama, akaridhika. Nuru anaendelea kutangaza, "anampa winga, winga anakwenda..." Tonge langu likabaki hewani.

Haikupita muda, feni likaanza kulia. Picha ikasita. Nuru akaacha kutangaza.

"Imerudia," akasema, polepole, kama mtu aliyetegemea.

Hapo ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo. Ikija dukani, Nuru anakivua kitambaa, maana nani atakipeleka kitambaa cha mama mkwe kwenye vumbi la bodaboda? Na akija mgeni, Bibi anafua vitambaa vyote ili nyumba ipendeze. Mashine ilikuwa inafanyiwa vipimo ikiwa uchi, inafanya kazi ikiwa imevaa blanketi.

Nuru akainuka kwenda jikoni, nikamfuata. "Mwanangu, kile kitambaa hukukishuku?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Alikifuma nilipoolewa, mama. Siku moja nilikikunja kwa sababu kilinizibia kitufe. Alipokikuta mezani hakusema kitu, ila siku nzima hakuongea na mimi. Jioni akaniuliza, 'Umekichoka?' Tangu hapo sikigusi, labda nikisafirisha mashine."

Haya sasa, fundi, tengeneza hiyo! Hakuna bisibisi ya kazi hiyo. Nikimwambia bibi kitambaa chake ndicho kibaya, nimemharibia Nuru nyumba. Nikinyamaza, Ijumaa ni kesho. Nilisimama pale jikoni nikatamani nirudishiwe deki zangu.

Mwishowe nikarudi sebuleni, nikachuchumaa karibu na sipiyu. "Mama," nikasema, "hebu niazime mkono wako. Uingize hapa nyuma, chini ya kitambaa."

Akaingiza. Akautoa haraka. "Yesu wangu! Ina homa hii!"

"Ikifanya kazi inapumua, mama. Inavuta hewa huku mbele, inatoa moto huku nyuma."

Bibi Eliwaza akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Akamtazama Nuru aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nimelea watoto saba," akasema. "Mtoto akiwa na homa, sijapata kumfunika. Namvua, nampepea. Leo mimi ndiye nimeifunika hii mashine, miezi yote hii, na ninyi mnahangaika barabarani na bodaboda." Akageuka kwa Nuru. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mama. Nilidhani utasema nimekikataa."

"Mimi nilifuma ili mashine yako isiingie vumbi. Nilisema, kazi ya mke wa mwanangu nitailinda na mimi, maana kompyuta siijui lakini uzi naujua." Machozi yakamlengalenga, na si kwa ajili ya kitambaa. "Unaniogopa mimi, Nuru? Kitambaa nitafuma kingine. Nikikupoteza wewe nitamfuma nani?"

Nuru akaweka mwiko chini, akaenda akampigia magoti. Wakashikana. Mimi nikajifanya natafuta waya.

Bibi aliufungua utepe mwenyewe. Tukaitoa sipiyu sakafuni, tukaiweka juu ya kigoda, mbali na dirisha, nyuma tukaiachia nafasi. Tukapatana kwamba ikiwa imezimwa na imepoa, ivae, maana vumbi la Ihanja ni la kweli na Bibi hakukosea kuliogopa. Ikiwa kazini, ivuliwe. Na hilo, wanangu, ndilo jibu langu kwenu kabla hata ya kugusa fremu: itazameni mashine inakaa wapi, imevaa nini, na nani anaipenda.

Ijumaa asubuhi Nuru alicheza mechi yake. Aliniletea baadaye niitazame. Video inaanza, skrini bado nyeusi, unasikia sauti ya mama mtu mzima: "Haya, nimeivua. Anza!" Halafu kuku anafukuzwa. Halafu mpira unaanza, na kuanzia hapo mpaka mwisho hakuna fremu iliyopotea.

"Hukuikata hiyo sehemu?" nikamuuliza.

"Nilitaka kuikata, mama. Nikaona hapana. Ni kweli ameivua."

Watu wa Dar walimpa kazi. Swali lao la kwanza lilikuwa, yule mama wa mwanzoni ni nani, na je, anaweza kusema hivyo kila mechi? Elibariki siku hizi akipaki lori anauliza kwanza kama wako hewani, ndipo anapiga honi.

Nilipofunga duka, Nuru na mama mkwe wake walifunga safari kutoka Ihanja hadi hapa Issuna kuniaga kazini. Tulikula, tukacheka, tukamsengenya kinyozi. Walipokaribia kuondoka, Bibi Eliwaza akaniambia nimletee sanduku langu la bisibisi. Nikalileta. Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa kipya, cheupe chenye maua mekundu, akalivalisha sanduku pale pale, mbele kimefika chini, nyuma kimefika chini, akafunga utepe.

Kisha akaniona ninavyokitazama, akaniwahi.

"Usiwe na wasiwasi, fundi," akasema. "Hili halina feni. Kabla sijashika uzi, nilimuuliza Nuru, na safari hii aliniambia."